Zege Liwe Laini

Mtaani walimwita Mama Macho. Muuza nyanya akimwona tu, alipima mara mbili. Sasa alikuwa akijenga chumba juu ya chumba cha mama mkwe wake, bibi asiyeweza kutoka kitandani. Bibi alihamishiwa sebuleni kwa muda. Ujenzi ukiisha, angerudi kulala chini ya sakafu hiyo ya zege.

Asubuhi moja Mama Macho alikagua zege la majaribio ambalo fundi alilimwaga uani. Kokoto zilikuwa zimeibuka juu. Alizikwaruza kwa kidole, zikang'oka.

"Fundi! Saruji umeipeleka wapi?"

"Imo humo humo, mama."

"Usinifanye mtoto! Na hizi kokoto, gunia zima nalinyanyua kwa mkono mmoja. Haya ni mawe au sponji?"

Fundi akanuna. Mama Macho akaenda kumwita jirani yake, mwanamke anayepima zege kwenye majengo makubwa. Jirani akaja na koni ya bati, wazi juu na chini.

"Kokoto ni nyepesi kwa makusudi, shoga," alisema. "Kuta zako za zamani haziwezi mzigo mzito. Ila kokoto hizi zina matundu, zinakunywa maji. Fundi, uliziloweka kwanza?"

"Tangu juzi."

"Vizuri. Mbona basi zege lilikuwa na maji mengi hivi?"

Fundi akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa na mwandiko wa Mama Macho: *Zege liwe laini.*

"Mimi nilitaka sakafu isiyokwaruza miguu!"

"Mimi nikaelewa zege la majimaji."

Jirani akacheka mpaka akashika mbavu. "Maji yakizidi, kokoto nyepesi zinaelea, na sakafu inakuwa dhaifu. Uso unalainishwa kwa mwiko. Ulaini wa zege bichi tunauandika kwa namba."

Fundi akachanganya zege jipya. Jirani akalijaza kwenye koni, akalishindilia, akaivuta koni juu. Zege likashuka kidogo. Akapima kwa rula lilivyoshuka.

"Sentimita nane. Kwa mchanganyiko huu, andika saba hadi kumi. Likizidi hapo, lisimwagwe."

Mama Macho akapima mwenyewe. Nane. Aibu ikamshika.

"Fundi, nisamehe. Nilikudhania mwizi."

"Yameisha, mama. Lakini andika."

Akaandika. Safari hii hakuna kokoto iliyoibuka. Sakafu ilimwagiliwa maji kila siku, na nguzo za muda zilizoishikilia zikaondolewa fundi aliporidhika kuwa imekomaa.

Bibi, mbishi kuliko hata mkwewe, alibebwa hadi mlangoni pa chumba chake, akaitazama dari mpya kwa muda mrefu.

"Nani alipima?"

"Mimi, mama."

"Mara ngapi?"

"Ndoo ya kwanza ya kila mchanganyiko, mama. Nane, nane, tisa, nane."

"Basi nirudisheni kitandani kwangu."