Kidonge cha Mama

Kibarazani kwa Mama Pindo kulikuwa na vyerehani viwili, kimoja chake, kingine cha binti yake. Binti alishona kwa kasi hata wateja wakambandika jina la Chapuchapu. Macho ya mama yalikuwa yameanza kufifia, hivyo kila asubuhi binti alimtungia uzi kwenye sindano.

"Bila mimi, mama, ungeshona kwa mate," binti alimtania.

"Unadhani nilikuzaa kwa kazi gani?" mama alijibu, wakacheka.

Hapo kwao hapakuwa na changu wala chako. Mkasi ulikuwa mmoja, birika la chai moja. Basi mama alipofanyiwa upasuaji wa mgongo na kupewa vidonge vikali vya maumivu, navyo vikawa vya wote. Msimu wa sare za shule ulipopamba moto, Chapuchapu alilalamika mgongo.

"Meza hiki, mwanangu. Kitakutuliza," mama alisema.

Kilimtuliza kweli. Kesho yake akaomba kingine, na mama, kwa mapenzi tu, akampa. Laiti angelijua!

Vidonge vya mama vilipokwisha, binti akaanza kununua vya mtaani kwa kificho. Akivimeza, alisinzia juu ya cherehani. Akivikosa, alitoka jasho na mikono ikamtetemeka. Mama alimwita mvivu. Alimfokea mbele ya wateja. Siku moja sindano ikapita kwenye kidole cha binti, naye hata hakushtuka. Hapo mama akaingiwa na hofu.

Jirani yao muuguzi alikuwa amefuata gauni lake la kazi. Alikifunga kile kidole, akamtazama binti machoni.

"Mdogo wangu, unameza nini?"

Binti akaangua kilio. "Vidonge kama vile vya mama, dada. Najaribu kuacha, nashindwa."

"Nitamfungia ndani mpaka aache!" mama alimwambia muuguzi.

"Usithubutu, mama. Uraibu ni ugonjwa. Akiacha ghafla atateseka, na akija kurudia kipimo kilekile, mwili ukiwa haujakizoea tena, anaweza kuacha kupumua, akafa. Kliniki watamsaidia kuacha kwa usalama. Tena hayuko peke yake. Tunapokea madereva, walimu, kina mama wa nyumbani. Wengi hawakuanzia kijiweni. Walianza na dawa ya mtu mwingine, hukohuko nyumbani."

Mama akajishika kichwa. "Basi ni mimi. Ni mkono wangu huu."

"Hukujua, mama. Sasa unajua. Dawa aliyoandikiwa mtu ni ya mtu huyo tu. Ikibaki, irudishe hospitali."

Asubuhi mama na binti walikwenda kliniki pamoja. Haikuwa rahisi. Binti aliteleza, akameza vidonge tena, kisha akarudi kliniki. Mama hakumfokea, alimsindikiza. Wateja wengi walihamia kwa mafundi wengine, na baadhi hawakurudi kamwe.

Leo Chapuchapu ameketi tena kwenye cherehani chake. Anakula vizuri, anatania. Ila mikono bado inatetemeka, na kutunga uzi hawezi. Sindano anaishika mama, ambaye haoni vizuri.

"Kushoto kidogo, mama. Juu. Hapohapo, sukuma."

Uzi ukapita. Binti akapiga makofi, lakini mama akainamisha kichwa.

"Nisamehe, mwanangu."

"Shona, mama," binti alisema kwa upole. "Sare zinasubiriwa."