Mbuzi Ishirini na Watano kwa Mwezi

Mbuzi walikuwa wamefungwa shingo kwa shingo, safu mbili zikitazamana. Dulmaa alikuwa akiwakamua mmoja baada ya mwingine. Vidole vyake viliuma kwa baridi. Mwezi wa tisa ulikuwa unaisha, na vilele vya milima vilikwisha kuwa vyeupe.

Mumewe, Zorig, alifika kwa pikipiki. Alishuka hata kabla injini haijanyamaza.

"Nimempata mnunuzi!" alisema. "Anakuja kesho na lori. Anachukua wote."

"Wote?"

"Mia mbili na kumi. Mbuzi na kondoo, wakubwa kwa wadogo. Tukishauza tunahamia mjini, tunajifunza Kikorea. Tukifaulu mtihani, huyooo, tumekwenda Korea kufanya kazi!"

Dulmaa alifuta mikono kwenye koti lake. Hakushangaa. Habari hii aliianzisha mwenyewe.

Majira ya baridi yaliyopita, binti yao Nomin, mwenye miaka minane, alishikwa na homa ya mapafu. Theluji ilikuwa imefunika njia. Walisafiri kwa muda wa saa kumi na moja kufika hospitali ya wilaya. Zorig alishuka kwenye gari mara tano kuchimba theluji kwa koleo. Dulmaa alikaa nyuma amemkumbatia mtoto, akihesabu pumzi zake. Daktari alimtazama Nomin, kisha akamtazama mama yake.

"Mngechelewa hadi kesho, tungekuwa tunazungumza mengine," alisema.

Tangu siku hiyo Dulmaa hakuwa na neno jingine ila Korea. Aliiona kwenye simu. Aliona hospitali ndefu za vioo, treni zinazopita chini ya ardhi, maji ya moto yanayotoka ukutani. Kule mtoto akikohoa, alisema, daktari yuko ng'ambo ya barabara.

Zorig naye alikuwa na hesabu yake, na aliipenda sana.

"Mshahara wa mwezi mmoja kule ni mbuzi ishirini na watano," alisema jioni ile ya kuamkia siku ya lori, wakinywa supu. "Mwezi mmoja tu! Mimi hapa natembea mwaka mzima nyuma ya mikia. Napata nini?"

"Unapata mikia," alijibu mama yake, Mama Dejid, bila kuinua macho kwenye bakuli.

Nomin alicheka hadi supu ikampalia.

"Mama, nawe utakwenda kukaa kwa dada mjini," Zorig alisema. "Kuna choo ndani ya nyumba."

"Nimeishi miaka sabini na miwili na choo changu kiko nje. Kuna siku umeniona nimekipoteza?"

Bibi kizee akaweka bakuli chini, supu ikiwa nusu.

Asubuhi, kabla lori halijafika, alikuja mtu mwingine. Alikuwa Sarnai, jirani yao wa bonde la pili, amepanda farasi. Alikuwa akimtafuta ngamia wake aliyepotea. Aliingia katika hema lao la kuishi bila kubisha hodi, kama ilivyo desturi, akakaa, akapokea chai ya maziwa yenye chumvi.

"Mifugo wamenona?" alisalimu, kama wafugaji wanavyosalimiana.

"Wamenona, dada Sarnai," alijibu Dulmaa. "Nawe, salama?"

"Salama. Ila huyu ngamia wangu ana akili za mume wangu. Ukimhitaji, humwoni." Akanywa funda moja. "Nimesikia mnauza wote."

Dulmaa alimwambia kila kitu. Sarnai alisikiliza. Yeye aliwahi kufanya kazi Korea miaka mitano, katika kiwanda cha vipuri vya magari. Wote bondeni walilijua hilo, lakini Sarnai hakupenda kusimulia. Watu walidhani anaficha fedha.

"Mbuzi ishirini na watano," alirudia Zorig. "Nimekosea, dada?"

"Hujakosea. Nomin, niletee mifupa yako ya kuchezea."

Nomin alileta mfuko wa mifupa midogo ya vifundo vya miguu ya kondoo. Sarnai alihesabu ishirini na mitano, akaipanga juu ya zulia.

"Huu ndio mshahara. Sasa mimi nalala wapi?"

"Kwa mwajiri," alisema Zorig.

"Wengine, ndiyo. Lakini chumba na chakula unakatwa. Kuna bima, kuna kodi. Kuna nauli, simu, nguo za kazi." Kila alipotaja kitu, Sarnai alichukua mfupa, au miwili, au mitatu. Mwishoni akahesabu iliyobaki. "Kumi na minne. Ukijibana sana, kumi na mitano. Umehesabu mshahara kwa mbuzi wa huku, lakini utakula kwa bei ya kule. Kabichi moja, Zorig! Nilisimama dukani nikaiangalia kama naangalia farasi wa mashindano."

Mama Dejid akacheka. "Na huku kabichi hatuli kabisa. Tuna faida."

"Kumi na minne bado ni mingi," alisema Zorig. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Ni mingi, ndiyo. Sisemi ni michache. Kwa fedha hiyo nilimsomesha mdogo wangu."

"Basi kwa nini unatukatisha tamaa?" aliuliza Dulmaa. Alihisi hasira. "Wewe ulikwenda. Wewe uliona hospitali. Sisi tubaki hapa tumpeleke mtoto kwa koleo?"

Sarnai aliweka bakuli chini taratibu.

"Dulmaa mdogo wangu, Korea niliipenda. Treni ikisema saa mbili na dakika nne, ni saa mbili na dakika nne. Siku moja mashine ilinikata kidole. Nilishonwa kabla damu haijakauka. Na watu wake si wabaya. Mama aliyekuwa akisimamia kazi yetu aliniletea uji nilipougua. Aliniambia mama yake alikuwa akila magome ya misonobari wakati wa vita. Nchi ile ilikuwa maskini kabisa. Wameijenga kwa mgongo."

"Unaona!" alisema Dulmaa.

"Lakini hawapumziki. Watoto wanatoka shule moja wanaingia nyingine, hadi giza. Jirani yangu alikuwa mzee mwenye nyumba nzuri. Mwanawe alikaa vituo vitatu vya treni kutoka pale. Alikuja mara mbili kwa mwaka. Siku nilipobisha hodi na sahani ya chakula, mzee alidhani nimepotea njia. Hapa mimi nimeingia sijabisha, na nimekwisha kunywa bakuli mbili. Kule mali ni nyingi na muda haupo. Huku muda upo, lakini barabara, shule na hospitali ziko mbali. Na ikija baridi ile inayoua mifugo, unaweza kuamka huna kitu. Kila nchi ina neema zake na adha zake. Hilo wala si swali."

"Swali ni lipi?" aliuliza Zorig.

"Mnakosea kulinganisha nchi na nchi. Hamtahamia kwenye picha ya simu. Linganisheni maisha yenu hapa na maisha mtakayoishi ninyi wenyewe kule. Mmeuliza kibali cha mfanyakazi wa kiwandani kinamruhusu nani kuingia?"

Zorig alikuna kichwa. "Mfanyakazi."

"Mfanyakazi peke yake. Siyo mke, siyo mtoto. Mkifaulu wote wawili, kila mtu atapangiwa kiwanda chake. Mmoja kusini, mwingine kaskazini. Na huyu?" Alimwonyesha Nomin kwa kidevu. "Huyu atabaki. Hospitali ile ya vioo, Dulmaa, itakutibu wewe. Yeye hataiona."

Katika jiko samadi kavu, kuni zao, ilikuwa ikiungua polepole.

Dulmaa alimwangalia binti yake. Nomin alikuwa amekaa juu ya mguu wa bibi yake, anapanga mifupa upya. Miezi yote hii, Dulmaa aliwaza. Miezi yote hii nimekuwa nikimpeleka mtoto, mawazoni tu, kwa daktari ambaye hatamfikia. Alitaka kulia. Badala yake alimmiminia mgeni chai.

"Una uhakika, dada?" aliuliza.

"Usiniamini mimi. Nendeni ofisi ya kazi ya mkoa, mkaulize wenyewe. Ulizeni anayeruhusiwa kwenda, ni miaka mingapi, atalala wapi, akiumia nani analipa. Mjibiwe kwa karatasi. Mimi nilimuuliza binamu yangu tu, na binamu yangu alikuwa hajawahi kuvuka hata mto wetu."

Zorig alijaribu tena. "Haya, basi niende mimi. Mifugo tuuze, nikirudi nitanunua wengine."

Sarnai alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha.

"Hicho ndicho nilichofanya mimi. Niliuza wote. Niliporudi bei ilikuwa imepanda, nikapata nusu yao, kutoka wilaya nyingine. Unajua walichofanya?"

Zorig alijua. Kila mfugaji alijua. Uso wake ulibadilika kabla Sarnai hajamaliza.

"Walikuwa wakirudi kwao," alisema Sarnai. "Kila upepo ukigeuka, wanaelekea walikozaliwa. Hawakujua kisima changu. Hawakujua pa kujificha theluji ikija. Baridi ya kwanza, sitini walikufa bondeni, mita mia tatu kutoka kwenye zizi lenye kuta. Yule mama mbuzi mzee wa kundi langu la kwanza angewaongoza. Nilikuwa nimemuuza. Mbuzi unaweza kumgeuza fedha, Zorig. Fedha ukiigeuza mbuzi, hapati akili ya yule wa kwanza."

Nje, lori lilinguruma likipanda kilima.

Zorig alisimama. Alimtazama mkewe. Katika ndoa yao ya miaka kumi, yeye ndiye aliyezungumza na wanunuzi. Lakini sasa hakusogea. Dulmaa alifunga kitambaa kichwani, akatoka.

Mnunuzi alikuwa mtu mnene mwenye jino la dhahabu. Alikuwa amekwisha kushusha ubao wa nyuma wa lori.

"Haya shemeji, tuwapakie," alisema.

"Chagua madume waliohasiwa," alisema Dulmaa. "Arobaini. Majike hawauzwi."

"Jana mumeo alisema wote!"

"Jana ilikuwa jana."

"Nimechoma mafuta kilomita tisini, mama! Nyumba hii mwenye neno ni nani?"

"Leo ni mimi. Ingia unywe chai, kisha uchague."

Mnunuzi alinung'unika kwamba wafugaji wa siku hizi wana vichwa vya pepo. Lakini chai alikunywa, na madume arobaini aliwachukua, kwa sababu walikuwa wamenona kweli.

Lori lilipoondoka, Sarnai alikuwa bado yupo, anakaza tandiko la farasi.

"Shida yako si daktari," alimwambia Dulmaa. "Daktari wa wilaya alimponya mtoto, siyo? Shida yako ni njia."

"Nijenge barabara?"

"Hamia. Kambi ninayohamia majira ya baridi iko kilomita kumi na mbili tu kutoka hospitalini. Zizi lina kuta za mawe, na nafasi ya familia nyingine ipo. Kundi lako na langu tutachunga kwa zamu. Majike wako watawafundisha hawa wapumbavu wangu."

Mwezi uliofuata walihama. Mama Dejid alipanda mbele ya gari na kulalamika njia nzima, akafika wa kwanza kuwasha jiko. Zorig alikwenda ofisi ya kazi ya mkoa akiwa na maswali kwenye karatasi. Majibu yalikuwa yaleyale aliyoyasema Sarnai, pamoja na mengine mawili ambayo hata Sarnai hakuyajua. Walizungumza usiku mwingi, mke na mume. Mwishoni walikubaliana. Angekwenda Zorig peke yake, kwa mkataba mmoja wa miaka mitatu, na kundi lingebaki. Sehemu ya fedha za madume ilinunua nyasi kavu. Sehemu nyingine ililipia masomo ya Kikorea. Mtihani wa kwanza Zorig alianguka. Wa pili akapita. Aliondoka mwaka uliofuata, mwezi wa kumi na moja.

Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya, Nomin alianza kukohoa tena. Dulmaa alisikia kile kikohozi cha chini kabisa ya kifua, akamfunga mtoto ndani ya ngozi ya kondoo. Mume wa Sarnai aliwasha gari. Theluji ilikuwepo, lakini hawakuchimba. Dakika arobaini baadaye, Nomin alikuwa kitandani hospitalini, anamuuliza muuguzi kama sindano ina jina.

Mwezi wa nne, mbuzi walianza kuzaa. Asubuhi moja simu ililia. Ilikuwa Zorig, ametoka zamu ya usiku.

"Nimechoka," alisema. "Mikono inanuka mafuta ya mashine. Lakini nimeoga maji ya moto, Dulmaa. Yanatoka tu! Nikirudi nitaweka bomba hapo kambini, mama ashangae. Wamezaa?"

"Sabini na wanane. Wawili tu wamekufa."

"Mwongo wewe."

Dulmaa alitoka hemani, akafungua mlango wa zizi, akainyoosha simu ndani. Vitoto vya mbuzi vilikuwa vikiwalilia mama zao waliokuwa wakienda malishoni, na mama zao wakijibu, kila mmoja kwa sauti yake.

Alipoirudisha simu sikioni, alimsikia Zorig akipenga kamasi.

"Bado miaka miwili na miezi saba," alisema Zorig, taratibu.

"Tupo," alisema Dulmaa. "Nenda ukalale."