Nyigu Hawatui Kwenye Tunda Zima

"Fundi, hawa si ndio nzi wenyewe?"

Mama mwenye shamba la mapera aliniuliza hivyo nikiwa nimeshafungua boksi lote. Nikachungulia. Kweli. Badala ya nyigu wa kumaliza nzi wa matunda, nilikuwa nimembebea nzi, tena wanene, niliowalea mwenyewe kwenye banda letu la wadudu ili nyigu wapate funza wa kutagia. Nimezunguka nchi za watu nikijifunza kazi hii, nimelala viwanja vya ndege, halafu nashindwa kutofautisha boksi na boksi! Nikaomba radhi hadi kofia ikaanguka.

Nikarudi jioni, jua likizama, na boksi la nyigu. Safari hii nilimchukua kaka yangu anibebee, maana mikono yangu ilikuwa imeshaharibu jina.

Kaka huyu alipotelea machimboni miaka mingi iliyopita. Tuliambiwa shimo limemfukia. Msimu huu akabisha hodi, bila mzigo, bila maelezo. Sikumhoji. Mke wangu alishafariki, watoto wana miji yao, na nyumba ilikuwa kimya kiasi cha mimi kubishana na redio. Mtu akija na sura ya kaka yako, akijua jina lako la utani la utotoni, utamdai kitambulisho? Alikuwa na harufu kidogo... tamu, kama pera lililolala chini ya majani. Nikasema ni jasho. Hakucheka mizaha yangu hata mara moja. Nikasema kosa ni la mizaha.

Nikafungua boksi.

Nyigu hawa ni wadogo kuliko punje ya mchele, na mtu hawamgusi. Hawatui kwenye tunda zima. Hutafuta lenye funza, wakatembea juu ya ganda wakisikiliza kwa miguu. Wakihisi kitu kinajongea ndani, huchomeka mkia wao mwembamba na kutaga yai ndani ya funza. Mtoto wa nyigu humla mwenyeji wake taratibu, huku mwenyeji akiendelea kutembea. Kwa nje huoni kitu.

Wakaruka wote pamoja. Zzzz...

Wakayapita mapera.

Wakatua kwa kaka.

Shati lake jeupe likawa jeusi. Shingo. Mashavu. Kope. Hakupepesa. Wakatembea juu yake, wakasimama, wakasikiliza... kisha wakaanza kuchoma.

Ndipo nikaiona ngozi ya shingo yake ikiinuka. Kitu kilikuwa kinapita chini yake, bila haraka, kikihamia upande wa pili.

Mama mwenye shamba akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi.

"Fundi," akanong'ona, "usirudi naye nyumbani."

"Ni kaka yangu, mama, yule aliyepotelea machimboni."

"Kule chini machimboni kuna vitu vinavyopanga ndani ya watu kama wapangaji... Lala hapa kwetu leo."

Kaka akawafuta nyigu usoni kwa kiganja, kama mtu anayefuta jasho.

"Twende, mdogo wangu."

Hakuna mtu mwingine duniani aliyebaki wa kuniita hivyo.

Nikaenda.

Nichekeni tu. Nilitembea nyuma yake njia nzima nikimpigia soga za safari zangu, na mbele yangu ile harufu tamu ikizidi kukolea. Tulipofika, akaingia, akawasha taa. Mimi nikakwama kizingitini. Mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Kaka..." nikanong'ona. "Ni wewe uliyemo humo?"

Akavua viatu. Akavipanga pembeni ya vyangu, vizuri kabisa.

"Kaka yako alikwisha zamani. Nimebaki mimi. Ingia, ufunge mlango."