Aje Mwenye Gari Mwenyewe

Asubuhi ile Gesche alipofungua gari, alikuta kiti cha dereva kimesukumwa nyuma kabisa. Jana yake alikuwa amekivuta mbele hadi mwisho, kwa sababu ni mfupi na miguu yake haifiki kwenye pedali. Nyumbani hana mwenzake, na ufunguo alilala nao chini ya mto. Akajiambia ni chuma cha zamani kimelegea. Lakini alipokigusa kiti alikikuta kina joto, na mle ndani mlinuka pipi za mnanaa.

Aliyekuwa akimumunya pipi za mnanaa ni Okko, mumewe. Na Okko walimzika kabla ya Krismasi.

Tuseme ukweli, Gesche hakumlilia sana. Ndoa nzima aliimaliza kwenye kiti cha abiria, mkoba magotini, ilhali leseni anayo tangu usichana. "Mwanamke na usukani ni ajali inayongoja siku yake," Okko alipenda kusema mbele ya wageni, na wageni walicheka. Akitaka kutoka alipiga honi mara mbili, na Gesche aliacha sufuria motoni akakimbia. Jumapili ya kwanza baada ya mazishi aliliendesha gari peke yake hadi baharini, akala samaki wa kukaanga humo humo garini, akalia kwa furaha. Sasa alitaka kitu kimoja tu duniani: gari liandikwe jina lake. Alikuwa ameshakwenda hata kwa Fenna, mwenye kibanda cha kutengeneza namba za magari mkabala na ofisi ya usajili wa magari, akapata namba mpya zenye herufi zake mwenyewe. Zilikosa muhuri wa serikali tu, ule unaobandikwa juu ya namba. Bila muhuri, namba ni bati.

Muhuri alikuwa nao Bwana Tjaden wa dirisha la mwisho.

"Hati hii ya kifo ni nakala," alimwambia ile jana, bila kuinua macho. "Nataka halisi."

"Halisi iko mahakamani, kwa ajili ya mirathi."

"Kaichukue."

"Mahakama hawaitoi mpaka niwapelekee kadi ya gari yenye jina langu."

"Na mimi sikupi kadi mpaka nione hati halisi."

"Sasa mimi nifanyeje, bwana?"

"Kompyuta inasema mwenye gari yu hai. Aje mwenyewe, atie sahihi."

"Amekufa!"

"Mama, usinipigie kelele. Nakueleza utaratibu. Mwenye gari akija mwenyewe, ni kazi ya dakika tano."

Gesche alitoka na hasira zake. Mtu akikuua kwa kisu utapiga ukunga, watu waje. Hawa wanakuua kwa "rudi kesho" na bado unawaambia asante. Alipoingia garini aliupiga usukani kofi. "Haya, Okko, umesikia? Wanakutaka wewe. Njoo basi mwenyewe!"

Wazee wa kwao huonya kwamba maiti haitwi kwa jina wala hapewi shughuli. Gesche alimpa Okko vyote viwili.

Kwa hiyo ile siku ya kiti, jioni, alikaa jikoni na chai yake, masikio yamesimama. Kwao chai ina adabu yake: mwenyeji humimina, na kumimina tena, mpaka mgeni atie kijiko ndani ya kikombe, ndiyo kusema nimetosheka. Okko hakuwahi kukitia. Alikigonga kwenye kisahani, ting, ting, mpaka aongezewe.

Ting, ting.

Sauti ilitoka sebuleni. Gesche aliinuka bila kutaka, akabeba birika bila kujua amelibeba, akapita ukumbini ambako harufu ya mnanaa ilikuwa imechanganyika na harufu ya udongo uliolowa, akakuta kikombe cha Okko kimetoka kabatini kimekaa mezani mbele ya kiti kitupu, na mkono wake, mkono ule ule uliokwishazoea, ukainama ukamimina mpaka juu huku yeye mwenyewe akiutazama kama mkono wa mtu mwingine. Kisha akachukua kijiko, akakitia kikombeni.

"Basi, Okko," alinong'ona. "Imetosha."

Aligeuka kuwasha taa. Alipotazama tena, kikombe kilikuwa kitupu, na kijiko kimerudi kwenye kisahani.

Kulipopambazuka alikwenda ofisini kwa gari, lakini kwanza aliingia kwa Fenna, ambaye alimsikiliza hadi mwisho, kisha akafunga mlango wa kibanda.

"Shoga, umefanya nini?" Fenna alinong'ona. "Ofisi imemwita, na wewe ukampelekea ujumbe!"

"Nimtoeje?"

"Namba zake zile kuukuu bado zina muhuri. Huo ndio mlango wake. Ukikwanguliwa, hana gari, hana pa kukaa. Mimi siwezi kuukwangua, wala padri hawezi. Ni yule mwanaharamu wa dirisha la mwisho tu."

"Hatakubali."

"Mpigie magoti. Lia. Zimia ikibidi."

Gesche alizikumbatia namba zake mpya, akavuka barabara. Alipofika dirishani, Bwana Tjaden alikuwa anatabasamu. Hakuna aliyewahi kumwona akitabasamu.

"Ah, mama! Mbona mnapishana? Mzee ametoka hapa sasa hivi."

"Mzee gani?"

"Mumeo. Mtu mkimya, hana maneno. Mikono baridi, lakini sahihi imelingana na ya kwenye faili." Palikuwa na udongo kidogo kwenye meza yake, akaufagia kwa kiganja. "Gari linabaki kwa jina lake. Nimempa na muhuri mpya, ule wa zamani ulishachakaa."

Gesche aliutazama ule udongo ulioanguka sakafuni.

"Unaona sasa?" alisema Bwana Tjaden. "Nilikwambia. Akija mwenyewe, dakika tano."

Nje, gari lilikuwa pale pale alipoliacha, na ufunguo alikuwa nao mkononi. Injini ilikuwa inaunguruma. Kiti cha dereva kilikuwa kimerudi nyuma kabisa. Fenna alisimama mlangoni kwake, kiganja mdomoni.

Honi ikalia mara mbili.

Gesche alitaka kukimbia. Kichwa kilimwambia kituo cha basi kiko kushoto, hapo tu. Lakini miguu yake ilikuwa imefundishwa miaka mingi, ikamzungusha mbele ya gari, ikampeleka upande wa abiria. Mlango ulifunguliwa kwa ndani. Akaingia, akaketi, akaziweka namba zake mpya magotini, mahali pa mkoba.