Konokono Mwenye Masikio

Kila siku baada ya masomo, wanachama wa klabu ya kompyuta walifagia chumba chao, wakapangusa meza, kisha wakagombania viti viwili visivyoyumba. Chiriku ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa na wa mwisho kunyamaza. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu ya mdomo wake, naye alilipokea kama nishani.

Wiki hiyo mwalimu wa kompyuta aliwafundisha kuandika katika ensaiklopidia ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea ili yeyote asome bure.

"Kila mtu anaruhusiwa kuandika," alisema mwalimu, "lakini lazima utaje chanzo chako, kitabu au gazeti la kuaminika."

Chiriku alisikia nusu ya kwanza tu. Akafungua makala ya konokono, akaiona fupi mno, ikamtia huruma. Konokono aliwajua vizuri. Walijaa kwenye bustani ya mama yake wakitafuna mboga, na kila alipowasogelea akiwafokea, walijikunja ndani ya magamba yao. Akaandika: "Konokono ana masikio makali. Ukimfokea, huona haya na kujificha."

"Chanzo kiko wapi?" aliuliza mwenzake wa kiti cha pili.

"Chanzo ni mimi," alijibu Chiriku, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Jioni ile alitembea kwa madaha kama profesa.

Ijumaa hiyo kulikuwa na chemsha bongo kati ya shule yao na shule jirani. Aliyewawakilisha ni Kidoti, rafiki wa chanda na pete wa Chiriku, ambaye alikuwa amesoma mpaka macho yakamwiva. Alama zilikuwa sawa, likabaki swali moja: konokono hutambuaje hatari?

Kidoti aliruka kwa furaha. "Husikia kwa masikio yake makali! Ukimfokea, huona haya!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Jaji alivua miwani. "Masikio? Binti, umeyaona wapi?"

"Kwenye ensaiklopidia," alisema Kidoti, sauti ikififia. Shule jirani ikajibu sawasawa, ikaondoka na kikombe.

Chiriku alimkuta Kidoti nyuma ya ukumbi, akilia kwa kwikwi. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemshuku. Lakini alichuchumaa kando yake.

"Yule konokono... masikio nilimpa mimi," alisema.

Kidoti alimkodolea macho. "Na haya je?"

"Na haya pia."

"Basi si ungejibakishia kidogo!"

Walikwenda pamoja kwa mwalimu wa kompyuta, wakamweleza yote. Mwalimu alijaribu kukunja uso, lakini mabega yalimtetemeka kwa kicheko. Alipoliona chozi la Kidoti, kicheko kikamkatika. Akamwambia Chiriku aifute sentensi yake, kisha akawapeleka maktaba. Kwenye kitabu cha wanyama wadogo wakakuta kwamba konokono hana masikio. Huhisi mguso na mtikisiko, na hunusa kwa vipembe vyake. Chiriku akaandika hayo kwa maneno yake mwenyewe, akataja kitabu, na kwenye ukurasa wa majadiliano, pale waandishi wanapoandikiana kuhusu makala, akaomba radhi.

Kesho yake akawaka. "Mwalimu! Kuna mtu nisiyemjua amenisahihisha tahajia bila kuniomba ruhusa!"

"Mshukuru. Makala si shamba lako, ni kazi ya wote," alisema mwalimu. Kisha akaketi kati yake na Kidoti. "Msomaji hakuoni, anakuamini tu. Ukiandika jambo usilolihakikisha, atakayeaibika ni mwingine, kama alivyoaibika rafiki yako. Kabla ya kuhifadhi, jiulize: nimelijuaje hili? Na ukikosea, fanya kama ulivyofanya safari hii. Kiri, rekebisha, uendelee."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali, akafungua makala ya ndege mbuni. Vidole vikagusa kibodi, vikasita. Akainuka kuelekea maktaba.

"Ningoje," alisema Kidoti, akivaa mkoba wake. "Huyo mbuni usije ukamvalisha viatu."