Lita Mbili za Uongo

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kidogo sana. Ilikuwa asubuhi, na mama alikuwa amekaa kizingitini, amevua kandambili ili aoshe miguu kabla ya kwenda mpakani. Mkanda wa kandambili ulikuwa umeacha mfereji juu ya mguu wake. Niliutazama nikingoja ujae na kupotea. Haukupotea. Mama aliosha miguu, akaipangusa, akafunga kitenge chake, na mfereji ulikuwa bado pale.

"Mama, mguu wako una nini?"

"Mi niko sawa. Ni miguu tu inachoka. Shika karoti, tutachelewa."

Tulikaa Gisenyi, Rwanda, si mbali na Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa kwenda Goma. Mama yangu, Nyirahabimana, alizaliwa Goma, na nyumbani tulizungumza Kiswahili cha kule. Kila siku alinunua karoti zinazoteremshwa kutoka Kanzenze, tukavuka nazo mpaka kwenda kuuza. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na shule nilikuwa nimeiacha katika darasa la nne. Sikuwa msemaji. Mteja akiniuliza bei, nilimtazama mama ili ajibu yeye.

Wiki ile mama alianza kupumzika mara mbili njiani, kisha mara tano. Nyumbani aliongeza mto mmoja, kisha wa pili, hadi akawa analala amekaa, mgongo ukutani. Alikohoa kikohozi kilichosikika kana kwamba kuna maji ndani yake. Ijumaa aliishiwa pumzi kwenye foleni ya mpakani. Wanawake wenzake waliita gari, wakatupeleka hospitali.

Madaktari wa wodi ile walikuwa wengi, na karibu wote vijana. Baadaye nilielewa kwamba walikuwa madaktari kamili waliorudi masomoni kutafuta ubingwa wa magonjwa ya ndani. Miezi ile walikuwa wanajifunza kutunza wagonjwa wa moyo. Kila Alhamisi mwalimu wao alikuja kutoka Kigali, wakapita naye kitanda kwa kitanda. Aliyepewa mama alikuwa Daktari Cyusa, kijana mwembamba mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Moyo wa mama yako umepanuka na umechoka," aliniambia. "Hausukumi damu vizuri, kwa hiyo maji yanabaki miguuni, tumboni, hadi kwenye mapafu. Tunamchoma sindano ya kuyatoa. Lakini lazima tujue yanatoka kiasi gani, na mama hawezi kusimama kwenye mzani."

Akanipa jagi la plastiki lenye mistari na namba, na daftari la kijani.

"Kila akikojoa, akojolee humu, palepale kitandani. Soma namba, andika, kisha kamwage. Na asinywe zaidi ya chupa hii moja ya lita moja kwa siku. Utaweza?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameshageukia kitanda kingine.

Siku ya kwanza nilijumlisha mililita mia saba. Daktari Cyusa aliposoma, alikunja uso. "Kidogo," alisema. Niliogopa kana kwamba kosa lilikuwa langu. Siku ya pili ilikuwa elfu moja na mia moja, na hiyo nayo haikumfurahisha sana.

Jumapili mchana ukumbi wa nje ya wodi ulijaa wageni waliotoka kanisani. Choo kilikuwa mwisho wa ukumbi, na ili kukifikia ilibidi nipite mbele ya benchi lao lote. Nilibeba jagi nikitazama sakafu. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Mama Drocella, aliyekuwa akimuuguza dada yake kwenye kitanda cha jirani. Alipenda utani, na sauti yake haikujua kunong'ona.

"Eh! Fungueni njia! Jovia analeta pombe ya harusi!"

Benchi zima lilicheka. Katikati yake alikaa Uwimbabazi, msichana niliyekaa naye dawati moja shuleni, amevaa gauni jeupe. Akaziba pua.

"Jovia? Ni wewe?"

Niliporudi, mama alinitazama usoni kwa muda mrefu.

"Bon, sawa," alisema. "Acha hiyo jagi. Tutaenda chooni tu, mi na we."

Daktari alikuwa amemkataza kutembea, lakini mama aliteremka kitandani. Kuanzia saa ile tulikwenda chooni pamoja, yeye akishika ukuta kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine, akipumzika kila hatua nne. Jagi lilibaki chini ya kitanda, kavu.

Jumatatu asubuhi daftari lilikuwa tupu, na nilisikia viatu vya Daktari Cyusa vikikaribia. Nikaandika haraka: 1500.

"Elfu moja na mia tano!" Uso wake uling'aa. "Vizuri sana, Jovia! Unaona? Dawa inafanya kazi."

Tangu niache shule hakuna mtu aliyewahi kusifu kitu nilichoandika. Jumanne niliandika 2000. Daktari Cyusa alimwita mwenzake, Daktari Igor, akamwonyesha. "Tazama daftari la huyu mtoto. Safi kuliko karatasi zetu." Siku hiyohiyo alisimamisha sindano na kumpa mama vidonge. "Akiendelea hivi," alisema, "Jumamosi atakwenda nyumbani."

Lakini mama hakuwa anaendelea hivyo. Jumanne jioni alishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati. Jumatano niliandika tena 2000, lakini tumbo lake lilikuwa limejaa, na miguu iling'aa kama imepakwa mafuta. Alipokohoa, povu lilibaki kwenye kitambaa. Mama Drocella aliacha utani. Alikuja akasimama miguuni pa kitanda.

"Mama Jovia, mbona midomo yako imekuwa nyeusi hivi?"

"Ni... baridi," mama alijibu.

Hapakuwa na baridi. Nilifungua daftari nikataka kuuchana ukurasa, lakini nesi alikuwa ameshanakili namba zangu kwenye karatasi kubwa iliyoning'inia kitandani. Zilikuwa pale, kwa wino mwekundu, na kila aliyepita alizisoma na kuridhika. Nilijiambia nitasema kesho. Sikujua kama mama atakuwa na kesho.

Alhamisi mwalimu wao alifika. Aliitwa Daktari Mukarugwiza, mwanamke mtu mzima aliyekulia Tanzania, na alitembea taratibu. Vijana sita wenye makoti meupe walimfuata. Daktari Cyusa alianza kueleza kwa Kiingereza, lakini mwalimu aliinua kidole.

"Kwa lugha anayoielewa mgonjwa. Ugonjwa ni wake."

Daktari Cyusa akaanza upya kwa Kiswahili. Alisoma namba zangu zote hadi zile lita mbili za Jumanne na Jumatano. Daktari Mukarugwiza hakutazama karatasi. Alitazama mishipa ya shingo ya mama, iliyokuwa imevimba, kisha akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki.

"Mgonjwa anakunywa chupa moja kwa siku," alisema, "na zinatoka lita mbili. Basi maji haya yote yaliyomjaa yametoka wapi?"

Daktari Cyusa alizisoma namba tena.

"Dawa imeshindwa," alisema Daktari Igor. "Moyo unazidi kuharibika. Tumpeleke Kigali leo."

"Kama namba hizi ni za kweli, uko sahihi, na itabidi aende." Daktari Mukarugwiza alimgeukia mama. "Sitakuficha, mama. Hali uliyonayo, safari ya milimani hadi Kigali ni ya hatari." Kisha akawatazama vijana wake. "Je, namba ni za kweli?"

"Ni za kweli, mwalimu," alisema Daktari Cyusa. "Mtoto wake ndiye anayeandika. Ni makini sana."

Makoti yote meupe yalinigeukia. Nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Nesi akaenda kuita gari la wagonjwa. Wengine walianza kukunja blanketi na kufunga mtungi wa oksijeni kwenye machela. Mama alinyoosha mkono, akashika koti la mwalimu.

"Docteur," alisema, akivuta pumzi kila neno, "mutoto wangu... asibakie... peke yake."

Alikuwa ananiaga.

"Si kweli," nilisema. Hakuna aliyesikia. Magurudumu ya machela yalikuwa yanapiga kelele. Nikamshika Daktari Cyusa mkono wa koti, nikauvuta.

"Si kweli! Namba si za kweli. Niliandika tu."

Kila kitu kilisimama.

"We mtoto," alisema Daktari Igor, "unajua umefanya nini?"

Daktari Mukarugwiza alimnyamazisha kwa mkono. Aliinama hadi uso wake ukawa sawa na wangu.

"Tangu lini?"

"Jumapili. Namba mbili za kwanza ni za kweli."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu kubeba jagi. Watu walicheka."

"Ni mi, dokta," sauti ilitoka kitanda cha jirani. Mama Drocella alikuwa amesimama, mikono kichwani. "Ni mi nilichekesha watu. Yesu wangu, ni mi."

Mwalimu hakupoteza muda. "Dawa haikushindwa. Tuliiondoa kabla haijafanya kazi. Rudisheni sindano sasa hivi, kwenye mshipa. Mama asikanyage sakafu. Gari lisubiri."

Tulisubiri. Kwa nusu saa hakuna kilichobadilika, ila pumzi za mama zikienda kama msumeno. Nilihesabu vigae vya ukuta nikakosea, nikaanza tena. Ndipo mama akaita jagi. Pazia lilivutwa. Lilipofunguliwa, Daktari Mukarugwiza alisimama kando yangu, akanishikisha jagi, akanionyesha jinsi ya kuliweka juu ya meza na kuinama hadi jicho liwe sawa na mstari.

"Ngapi?"

"Mia nne."

"Andika mia nne."

Kisha akawageukia vijana wake. "Nani amewahi kubeba jagi hili hadi mwisho wa ukumbi? Leo mtabeba wote, kwa zamu. Anza wewe, Daktari Igor."

Daktari Igor alibeba, shingo ameikaza, akapita mbele ya benchi lote. Saa ile ilikuwa ya wageni. Mama Drocella alifungua mdomo, akauziba kwa kiganja. Nilimwona mama akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Hadi jioni zilikuwa zimetoka lita mbili na nusu, za kweli, na gari la wagonjwa lilirudishwa. Kabla ya kuondoka, mwalimu alituita mimi na vijana wake karibu na dirisha.

"Daktari Cyusa, ulimwonyesha huyu mtoto hata mara moja?"

"Hapana, mwalimu. Nilimwambia tu."

"Akiandika ndogo, ulikunja uso. Akiandika kubwa, ulimsifu. Kwa hiyo akakuandikia ulichotaka kusoma. Mgonjwa alikuwa mbele yako anavimba, nawe ukatazama karatasi. Usirudie."

"Sitarudia. Jovia, nisamehe."

Sikujua daktari anaweza kumwomba mtoto msamaha.

"Na wewe, Jovia." Hakupaza sauti. "Ungeniachia ukurasa mtupu, ningeuliza kwa nini ni mtupu. Namba ya uongo ilitufanya tusiulize. Kicheko cha watu kinaumiza, najua, lakini kinaisha wakifika nyumbani. Mama yako angeisha pamoja nacho. Kazi ikikushinda, sema siku ileile kwamba imekushinda. Hata kwa sauti ndogo. Sisi ndio tutakaoinama kukusikiliza."

Mama alikaa hospitali siku kumi na moja zaidi, na siku ya mwisho alilala kwa mto mmoja. Sasa anakunywa vidonge vyake kila asubuhi, chumvi tumeipunguza, na kila mwezi anakwenda kliniki ya moyo. Karoti ninavusha mimi. Wateja wakiniuliza bei, ninajibu.

Kuna jambo moja ambalo sikumwambia Daktari Mukarugwiza siku ile, wala mtu mwingine yeyote. Nilisema niliona aibu kubeba jagi, na wote waliniamini. Lakini Jumapili ile, Uwimbabazi alipomaliza kuziba pua, alitazama ndani ya wodi kupitia mlango uliokuwa wazi, akaniuliza, "Yule aliyevimba ni mama yako?" Nami nikasema hapana, ni jirani tu, nimekuja kumsaidia.

Kitanda chako kilikuwa karibu na mlango, mama, na najua ulisikia. Nilikuonea aibu wewe. Nisamehe.