Nilimtuma Shoga Yangu Akamuulize Kabula Anataka Zawadi Gani

Nina miaka thelathini na nne, mama wa mtoto mmoja, naishi Mkuyuni hapa Mwanza. Mume wangu ni dereva wa malori ya mikoani, nyumbani anakuja kama mgeni. Wasomaji wenzangu, mtanisamehe nikiandika kwa hasira... maana hasira yenyewe bado mbichi!

Mwanangu Eliya alizaliwa na miguu dhaifu. Wenzake wanakimbia, yeye anaburuza makalio sakafuni. Hospitali walinielekeza mazoezi ya kumfanyia, lakini nani wa kuyafanya? Nilikuwa nauza duka la watu la vifaa vya ujenzi, natoka asubuhi, narudi jua limezama.

Ndipo nikampata Kabula, binti mtu mzima wa Kisukuma kutoka Misungwi. Wengine huwaita wadada wa kazi mabeki tatu, neno ambalo kwangu ni marufuku. Kila siku alimbeba mwanangu mpaka ufukweni, akachimba shimo kwenye mchanga mkavu, akamsimamisha humo miguu ipate nguvu, huku akimwimbia nyimbo za kwao. Mtoto analia, yeye anaimba tu!

Na Eliya akatembea... Jamani! Aliachia kiti, akamfuata Kabula jikoni. Nilipiga kelele mpaka majirani wakadhani kuna msiba.

Nikasema huyu lazima nimfanyie sherehe ya kuzaliwa. Tarehe yake hakuijua, kwao walikumbuka tu kwamba mvua ilikuwa inanyesha, ndiyo maana wakamwita Kabula. Tukacheka, tukachagua Jumamosi moja ya masika.

Shida ikawa zawadi. Nimpe nguo nilizozichoka? Hiyo ndiyo tabia ya mabosi wengi, mtu anakulelea mtoto mwaka mzima halafu unampa sketi iliyokubana! Mimi nilitaka kitu anachokitamani yeye, moyoni mwake.

Lakini ningemuulizaje? Dada wa kazi wa huku kwetu ukimuuliza anataka nini, atainama, atasema, “Chochote tu dada, nashukuru.” Jambo la namna hiyo tunatumia mtu wa kati. Nikamtafuta Mama Joyce.

Mama Joyce ni jirani yangu, tunaimba kwaya moja, na siku ya harusi yangu ndiye aliyenisimamia. Ningemficha nini huyo? Nilimweleza yote, nikamsifia Kabula mpaka mate yakanikauka. Akaniambia, “Niachie mimi, shoga. Wewe ni bosi wake, atakuogopa.”

Baada ya siku chache akaniletea jibu kwamba binti anataka vitenge vya wax, basi. Nikaenda mjini, nikachagua vizuri kuliko nilivyonavyo mimi mwenyewe.

Sherehe ikafana. Tulimmwagia maji kama ilivyo desturi, watoto wa jirani wakamkimbiza uani na ndoo, Eliya naye nyuma yao na kikombe chake! Kabula akafungua zawadi, akaviangalia vile vitenge, akaanza kulia. Mimi nikamkumbatia, nikidhani ni furaha...

Jumatatu nikiwa kazini, Mama Joyce akanipigia simu. Kabula amemwachia Eliya, amesema anafika dukani mara moja, na hajarudi. Nilikimbia nyumbani kama kichaa. Begi lake halikuwepo. Vitenge alikuwa ameviacha kitandani, vimekunjwa vizuri.

Mama Joyce akanishauri nikague nyumba, pengine nimeibiwa. Hakukosekana hata kijiko! Namba ya Kabula haikupatikana. Niliumia, nikamlaani yule binti kwa kila jina baya. Na Mama Joyce alinishika mkono, akaniombea, tena akalia na yeye. Fikiria, msomaji... alilia!

Eliya akawa anakaa mlangoni anamwita dada yake. Chakula hataki. Wadada niliowaleta hakuna aliyedumu. Mwisho akagoma kusimama, akarudi kuburuza makalio kama zamani. Mimi kwa kukosekana kazini mara kwa mara nikaachishwa kazi. Nani wa kunifariji? Mama Joyce huyo huyo, na chupa yake ya uji!

Siku moja nilikwenda kuzika Kisesa. Wakati tunarudi kutoka makaburini nikamwona mwanamke anaanika nepi uani, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kwenye mkeka. Alipogeuka nikamtambua. Kabula! Na ile nyumba naijua, ni ya Joyce, binti wa shoga yangu, aliyekuwa amejifungua mapacha.

Nilimvamia kwa maneno makali. Yeye akapiga goti palepale, “Shikamoo dada,” machozi yanamtoka. Ndipo nikasikia ukweli. Mama Joyce alipokuja kumuuliza, yeye alimjibu kwamba anatamani kujifunza ushonaji, hata saa mbili tu za jioni nikisharudi kazini. Mama Joyce akarudi kumwambia nimekataa, eti nimesema akijua kushona atapata kiburi atukimbie. Akamwahidi kwamba kwa Joyce atasoma ushonaji, na akambadilishia laini ya simu.

“Nilipoona vitenge nikajua ni kweli umekataa,” akaniambia. “Dada, kwa nini hukuniuliza mwenyewe?”

Nilimsihi arudi. Akauliza kama Eliya anatembea. Nilipomwambia hapana, alikaa chini kwenye vumbi akalia kwa sauti. Lakini akasema ameshaanza kushona, na mapacha wale wameshamzoea. Akiwaacha, nao watateseka kama Eliya. Mngekuwa ninyi mngemlazimisha? Mimi nilishindwa.

Nilipomkabili Mama Joyce, hakuona hata haya! Alinijibu kwamba wajukuu wake nao walihitaji mlezi mzuri, na aliyemsifia ni mimi mwenyewe. Kwaya nimeacha. Salamu yake siitikii. Na mwanangu ninahangaika naye peke yangu.

Ndugu zangu wenye wadada nyumbani, msifuate njia yangu. Leo ukirudi kaa naye, muulize kwa mdomo wako anatamani nini maishani. Akiona aibu, msubiri, mwulize tena kesho. Kabula alikuwa na jibu tayari, na aliishi nyumba moja na mimi...